“Kwangu Iko Sawa” Si Jibu

Kuna sentensi moja ambayo kila mtu anayeandika programu amewahi kuambiwa: “Kwangu iko sawa.”

Husemwa bila ubaya. Unaandika kwa grupu kwamba umekwama, mtu anajaribu kwa laptopu yake, inaenda, anakujibu hivyo halafu anarudi kwa shughuli zake. Lakini wewe uko Garissa, saa nane usiku, joto la mchana bado limejificha kwa kuta, feni inazungusha hewa moto, na skrini yako imesimama pale pale tangu saa tatu. Hapo hiyo sentensi huisikii kama habari. Unaisikia kama hukumu. Kama kwake iko sawa, basi shida ni wewe.

Mimi niliiamini hiyo hukumu siku nne nzima, na ikanigharimu kazi yangu ya kwanza ya kulipwa. Kwa hivyo leo nina maoni na nitayasema waziwazi: programu ikikubali kwa mtu mmoja na kukataa kwa mwingine, cha kwanza kuhojiwa ni mazingira, mtu baadaye. Na timu ambayo haijaandika mazingira yake popote haina haki ya kumwambia yeyote kwamba kwao iko sawa.

Kama huandiki programu, usiondoke. Hii stori itafika mpaka kwa kituo chako cha kupigia kura.

Mfumo usio na ngamia

Kampuni moja ndogo ya Nairobi ilikuwa inatengeneza mfumo wa kurekodi bei za mifugo sokoni. Mtu akanipendekeza, nikapewa kipande kidogo cha kazi: kuongeza ngamia. Ndiyo, umesoma vizuri. Mfumo wa bei za mifugo, unaletwa Garissa, kwenye moja ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki, na ndani yake kuna ng’ombe, mbuzi na kondoo tu. Nilicheka, lakini sikusema kitu. Kazi ni kazi.

Nikaandika sehemu yangu kwa siku mbili. Masharti yalikuwa rahisi: kabla hujatuma chochote, endesha majaribio yote kwa mashine yako, yakipita ndio utume. Kwa wale hawajui, majaribio ni vijiprogramu vidogo vinavyokagua programu kubwa. Kimoja kinaweka mbuzi watatu halafu kinauliza, je, jumla imetoka tatu? Kingine kinaweka bei ya shilingi sifuri kuona kama mfumo utaikataa. Kila kinachopita kinaacha nukta moja kwa skrini. Nukta zikijaa, umemaliza.

Zangu zikafika kumi na tatu. Ya kumi na nne haikuja.

Hakukuwa na ujumbe wa kosa, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Kosa lina maneno, unaweza kuyasoma, unaweza kuyatafuta kwa intaneti. Kukwama hakuna maneno. Skrini inakutazama tu, nawe unaitazama.

Nikafuta mradi wote nikaunakili upya. Nikasakinisha Python upya. Nikanunua bando kubwa nikidhani labda kuna kitu kinapakuliwa kichinichini. Siku ya tatu nikafuta hata Ubuntu yenyewe nikaanza mashine kutoka sifuri. Nukta kumi na tatu, kimya. Kwa grupu nikaandika mara tatu. Jibu la kwanza ndilo lile: “Kwangu iko sawa.” La pili lilitoka kwa kiongozi wetu: “Hiyo itakuwa intaneti ya huko.” La tatu lilikuja siku ya nne asubuhi, kwa upole sana. Kazi imepewa mwenzangu aliye Nairobi, nisijali, kukipatikana kingine nitatafutwa.

Nilifunga laptopu. Sikumwambia hooyo kitu, kwa sababu nilikuwa nimeshamwahidi kitu kidogo kutoka kwa hayo malipo.

Inangoja nini?

Abti wangu analima kando ya Mto Tana. Ana maembe, ndizi, na msimu mwingine tikiti maji, na maji anayavuta kutoka mtoni kwa pampu ya dizeli. Nilienda kwake ile wiki, kukaa tu. Siku hiyo pampu ilikuwa inanguruma vizuri lakini maji hayatoki. Kijana anayemsaidia akashika spana, anataka kufungua injini. Abti akamkataza. Akafuata bomba hadi mtoni, akaangalia kama mdomo wake bado uko ndani ya maji, kwa sababu mto ulikuwa umeshuka. Ulikuwa ndani. Akarudi polepole akipapasa bomba la kuvuta, akafika kwa kiungo kimoja, akasikia hewa. Akakaza. Maji yakaja.

Injini haikuwa na shida hata kidogo. Angemwacha yule kijana, wangeshinda na mashine vipande vipande chini ya mwembe, na mwisho wangeirudisha ikiwa na shida mpya.

Mimi ndiye nilikuwa yule kijana. Kwa siku nne nilifungua injini. Niliuliza “nimekosea wapi?” wakati swali lilikuwa “inangoja nini?”

Nikarudi nyumbani nikaliuliza hilo la pili, na jibu lilichukua dakika ishirini. Nitaeleza hatua kwa hatua, kwa sababu najua kuna mtu sai amekwama mahali na hajalala.

Kwanza, jua kama mashine inafanya kazi au inangoja. Fungua terminali nyingine, andika top, uangalie programu yako inatumia asilimia ngapi ya prosesa. Ikiwa iko karibu 100, huenda msimbo wako unazunguka mahali pamoja bila kutoka, na hapo kweli rudi ukausome. Ikiwa iko karibu sifuri, haizunguki. Imekaa, inangoja kitu. Usitegemee feni ya laptopu kukuambia, Garissa feni hulia hata ukifungua faili tupu. Yangu ilikuwa sifuri.

Pili, jua ni jaribio gani hasa na ni mstari gani. Ukitumia pytest, ongeza -v ili kila jaribio litajwe kwa jina badala ya nukta. Likikwama, bonyeza Ctrl na C, na utaonyeshwa mstari ambapo lilikuwa limesimama. Yangu ilikuwa imesimama mahali pa kuunganisha na hifadhidata. Haikuwa hata karibu na ngamia wangu.

Tatu, jua inamngoja nani. Kwa Linux kuna amri ya ss, inaorodhesha mawasiliano yote ya mtandao kwa mashine yako. Nikaona mstari mmoja umeandikwa SYN-SENT, na mbele yake anwani inayoanza na 10. Hapo nikasimama kwa kiti.

Acha nieleze kwa nini. SYN-SENT maana yake mashine yako imebisha hodi na haijajibiwa. Ukibisha mlango ambao mwenyewe hayuko lakini kuna mtu uani, atakuambia “hayuko,” utaondoka mara moja. Hilo kwa kompyuta ni kosa la kukataliwa, linakuja papo hapo na maneno yake. Lakini ukibisha na hakuna hata sauti, unabaki pale mlangoni. Na anwani zinazoanza na 10 ni za ndani, kama namba za vyumba. Chumba namba 12 cha jengo lao huko Nairobi hakipatikani ukiwa Garissa, hata ubishe mpaka kesho.

Kumbe msimbo wao ulikuwa na kanuni hii: soma anwani ya hifadhidata kutoka kwa kigeu cha mazingira, na kama kigeu hakijawekwa, tumia seva ya ofisini. Kigeu hicho hukaa ndani ya faili liitwalo .env. Faili hilo halipandishwi pamoja na msimbo, na ni sawa kabisa, kwa sababu mara nyingi lina nywila. Shida ni kwamba hakuna aliyenitumia, hakuna aliyeniambia lipo, na maelezo ya mradi hayakulitaja hata kwa herufi moja. Wote walikuwa nalo tangu zamani, au walikuwa ndani ya ofisi ambapo ile seva inaitika. Ndiyo maana kwao iko sawa.

Juu ya hapo, mtu alikuwa ameandika kwamba ikishindwa kuunganisha, ijaribu tena. Bila kikomo. Linux yenyewe, kwa mipangilio yake ya kawaida, hubisha na kungoja kama sekunde 127 kabla ya kukata tamaa. Halafu msimbo unasema “tena.” Kwa masaa matano ya usiku mmoja, hiyo ni raundi kama 140 za kubisha kwenye mlango ambao hauko mtaani kwangu.

Nikasakinisha hifadhidata ndogo kwa laptopu yangu, nikaweka kigeu kielekee kwake, mstari mmoja tu. Nukta zote zikajaa kwa sekunde chache. Ngamia walikuwa sawa tangu siku ya kwanza.

Saa ya usiku pia ni mazingira

Wacha niongeze moja, kwa sababu hii imenipata baadaye kwa mradi mwingine na inatuhusu sana.

Mwezi wa Ramadhani wengi wetu tunafanya kazi usiku. Ukitoka taraweh kuna utulivu, kuna kaupepo, unaandika mpaka daku. Sasa kuna jaribio lilikuwa linaweka rekodi, halafu linangoja mpaka rekodi hiyo ionekane kwenye orodha ya “leo.” Mchana linapita. Usiku linakwama. Mwenzangu analiendesha saa nne asubuhi, ananiambia, sema nami, kwake iko sawa.

Laptopu yangu ilikuwa kwa saa za Afrika Mashariki. Upande wa hifadhidata ulikuwa umesetiwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa masaa 3. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa, kwangu imeshakuwa Jumanne lakini hifadhidata bado iko Jumatatu. Ninaweka rekodi ya “leo,” mwenzake anaitafuta “leo” nyingine, na jaribio linangoja siku ambayo itafika masaa matatu baadaye. Yeyote anayelala usiku hataiona hii hitilafu maisha yake yote. Iligunduliwa na mtu aliye macho akingoja daku.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hiyo ndiyo hoja yangu yote kwa lugha ya nyumbani. Anayeishi mahali ambapo kila kitu kimeunganishwa hajui msimbo wake umeegemea nini, mpaka siku mtu wa mbali akiuendesha.

Nchi nzima imewahi kukwama hivi

Kama unadhani haya ni mambo ya watoto wa laptopu, kumbuka uchaguzi.

Tarehe 4 Machi 2013, Kenya ilitumia vifaa vya kielektroniki kutambua wapiga kura kwa alama za vidole. Katika vituo vingi vilizima au vikakataa. Sababu moja ilikuwa rahisi hadi inaudhi: laptopu zilipelekwa kwa madarasa yasiyo na umeme, betri zikaisha, basi. Utumaji wa matokeo nao ukakwama njiani, ikabidi tume irudi kwa karatasi. Programu ingeweza kuwa nzuri kuliko zote duniani. Darasa halikuwa na soketi.

Mwaka 2017 vikaja vifaa vipya vya KIEMS, vinavyotuma matokeo kwa mtandao wa 3G na 4G. Siku mbili kabla ya kura ya tarehe 8 Agosti, IEBC ikatangaza kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 havina mtandao huo, na kwamba maofisa wa huko watalazimika kusogea hadi mahali penye mtandao. Piga hesabu, hiyo ni zaidi ya robo ya vituo vyote. Unatangaza siku mbili kabla! Sisi wa Garissa, Wajir na Mandera hatukuhitaji tangazo. Kuna sehemu hapa mtu hupanda kilima ndio ujumbe uende, na kuna milingoti ya simu iliyolipuliwa na magaidi, mji ukakaa bila mawasiliano. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, na namna matokeo yalivyotumwa ilikuwa kati ya sababu kuu.

Mwaka 2022 kitu kimoja kilibadilika. Mnamo Juni, miezi miwili kabla ya kura, tume ilifanya jaribio la kutuma matokeo kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Zaidi ya vituo elfu moja vilivyojulikana havina mtandao vikapangiwa modemu za setilaiti. Siku yenyewe, picha za fomu kutoka vituo 46,229 zikaanza kuonekana kwa tovuti ya tume, karibu zote, na kila Mkenya akazifungua kwa simu yake. Kasoro hazikukosa, kuna mahali vifaa viligoma hata mwaka huo, na mabishano ya kisiasa yalifika mahakamani. Siasa zake nawaachia wanasiasa. Mimi naangalia kitu kimoja: safari hii kuna mtu aliyeuliza mapema ni vituo gani havina mtandao, akavipangia.

Sasa ona lugha tuliyozoea. Kifaa kikikataa Mandera, tunasema Mandera ni mbali. Jaribio likikwama Garissa, tunasema intaneti ya huko. Kila mara mahali ndipo panaposhtakiwa, wakati mshtakiwa halisi ni yule aliyepanga mfumo akidhania umeme, mtandao na seva ya ofisini viko kila mahali kama hewa. Hakuandika hiyo dhana popote. Aliijenga ndani tu, halafu akamwachia mtu wa mwisho wa barabara aigundue kwa maumivu.

Usinielewe vibaya

Kuna watakaosema nawatetea wavivu. Kwamba kila mtu sasa atasema “ni mazingira” badala ya kurekebisha msimbo wake. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu nimeshafanya hivyo. Kuna siku nililaumu kila kitu kumbe nilikuwa nimeandika kitanzi kisicho na mlango wa kutokea. Ndiyo maana nimeanza na ile amri ya top. Usiseme ni mazingira kwa kuhisi. Onyesha: inangoja, iko mstari huu, inaongea na anwani hii, haijibiwi. Ukiwa na hayo manne, hakuna mtu atakujibu “kwangu iko sawa,” kwa sababu hujauliza kama kwake iko sawa. Umemwambia kitu kiko wapi.

Na ndiyo, wakati mwingine ni kweli intaneti ya huku imekatika. Sikatai. Lakini hata hapo nauliza, kwa nini jaribio la kuhesabu mbuzi watatu linahitaji intaneti? Mbuzi wako hapa.

Nami nina lawama yangu, nitaibeba. Niliandika kwa grupu “imekwama, nisaidieni” mara tatu, na zote tatu sikutaja hata kitu kimoja cha maana. Sikusema jaribio gani. Sikusema natumia toleo gani la Python. Nilikuwa naona aibu kuuliza sana, nikidhani wakijua sijui watanitoa. Wakanitoa hata hivyo. Aibu haikunisaidia kitu.

Ninachodai

Kama unaongoza timu, hata ya watu watatu wa chuo, mambo manne tu.

Andikeni mazingira yenu. Wekeni faili la mfano lenye majina ya vigeu vyote bila siri zake, kila mtu huliita .env.example, na mlipandishe pamoja na msimbo. Mtu mpya alinakili, ajaze, aendelee. Ni kazi ya dakika kumi.

Kigeu kikikosekana, programu ikatae kuanza na iseme kwa maneno: “anwani ya hifadhidata haijawekwa.” Msimwekee mtu anwani ya ofisi yenu kama chaguo la kimyakimya. Chaguo la kimyakimya ndilo lililokula siku zangu nne.

Kila kinachongoja kiwe na kikomo cha muda. Msidhani zana zenu zinalo. Maktaba ya requests ya Python, inayotumika kila kona ya dunia, haiweki kikomo chochote usipokiandika mwenyewe. pytest nayo itangoja jaribio moja milele usipoiongezea pytest-timeout. Sekunde thelathini zikiisha, ianguke, itoe maneno. Afadhali kosa linalosema kuliko kimya.

La mwisho naliita jaribio la Garissa. Zima Wi-Fi, zima data, endesha majaribio yako. Yakipita, mmejenga kitu kinachojitegemea. Yakikwama, mmegundua leo, mkiwa mmekaa vizuri, kitu ambacho mngekigundua mwaka ujao kupitia kwa mtumiaji aliye Dadaab au El Wak. Watu wanatuonea huruma kwa intaneti yetu. Mimi nasema huku ndiko maabara bora ya kupima programu Kenya nzima, maana kilichovumilia huku hakitasumbuka Westlands.

Na wewe uliyekwama sai, wa Garissa, wa Moyale, wa Lodwar, popote: kabla hujajiita mjinga, kabla hujafuta mashine yote, keti chini na uulize inangoja nini. Andika jibu. Litume likiwa na jina la jaribio, mstari na anwani. Kama hujui kusoma hizo alama, hilo ni jambo la kujifunza jioni moja, si ushahidi kwamba hii kazi si yako.

Mwisho wa stori yangu, kwa wanaouliza. Nilituma rekebisho kwa ile kampuni, pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja: faili la mfano, kikomo cha muda, na ule mstari wa seva ya ofisini nimeutoa. Walilipokea siku hiyo hiyo. Kazi haikurudi, na malipo hayakuja. Lakini wiki kadhaa baadaye kijana mwingine, yuko Wajir, simjui, akaniandikia. Alikuwa ameingia kwa ule mradi na ameona jina langu kwa lile faili. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: alinakili, akajaza, majaribio yakapita mara ya kwanza.

Nilimuuliza kama ngamia bado wako. Akasema wako.